Kujua mtoto anakula mboga na matunda kiasi gani bila kumtoboa sindano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wazazi, walimu wa shule za msingi na watu wa miradi ya lishe, na mengi yanahusu zile mashine za kuweka kidole ambazo watu wameziona kwenye video wakabaki na hamu. Nimeyaacha yalivyokuja, mengine marefu mengine mafupi, na pale nilipo na msimamo wangu nimeusema tu.

Kwani shida iko wapi, si unamuuliza mtoto au mama yake amekula nini?

Unauliza, na mpaka leo hiyo ndio njia inayotumika kuliko zote. Unakaa na mama unamuuliza toka jana asubuhi mpaka leo asubuhi mtoto kaweka nini mdomoni, unaandika. Ni rahisi na haihitaji umeme.

Ila sasa, mtoto wa chini ya miaka minane hivi jana na juzi kwake ni kitu kimoja, ukimuuliza "jana ulikula mchicha?" anakujibu ndio kwa sababu umemuuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kusikia ndio. Mama anajua cha nyumbani kwake, hajui alichokula kwa bibi, hajui mapera ya kwa jirani wala ile embe mbichi ya chumvi na pilipili pale nje ya geti la shule, na hayo yote ni matunda jamani, yanahesabika. Halafu kuna sinia. Watoto watano wamezunguka sinia moja la ugali na matembele, mmoja anamega haraka, mwingine anachovya mchuzi tu anaacha majani, wa mwisho kabisa kaletwa akiwa na usingizi, sasa niambie mama ataandikaje gramu za kila mmoja. Hawezi, na sio kosa lake.

Na aibu nayo ipo. Ukija na daftari na kitambulisho cha mradi shingoni, mboga zinaongezeka kwenye majibu, kila mtu anajua jibu gani linatakiwa.

Si mpime damu tu mmalize?

Damu ndio kipimo ambacho vipimo vingine vyote vinalinganishwa nacho. Mboga na matunda ya rangi yana kemikali zinazoitwa karotenoidi, mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza, kwa hiyo ukizikuta kwenye damu ujue zimeingia kwa mdomo. Ubaya ni kwamba unahitaji sindano, mtu wa kutoa damu anayewajulia watoto, friza ya baridi kali, giza (mwanga unaziharibu) na maabara yenye mashine ya kuzitenganisha moja moja. Na kwa watoto wazima, wasioumwa chochote, mzazi anakuuliza kwa nini mwanangu atobolewe, na ana haki. Nenda kijijini uanze kutoa damu za watoto wa shule uone kama neno mumiani litachelewa kutajwa, utakuta shule ina wanafunzi nusu kesho yake.

Ndio maana watu wakaanza kutafuta njia ya kuzisoma karotenoidi hizo hizo kupitia ngozi.

Hiyo mashine ya kidole inafanyaje kazi hasa?

Karotenoidi zikishapita kwenye damu zinaenda kukaa kwenye mafuta ya mwili na kwenye ngozi. Ni rangi, ndizo zinazofanya karoti iwe karoti na boga liwe boga, na kama rangi nyingine yoyote ya njano au chungwa, zinameza mwanga wa bluu. Hapo ndipo ujanja wote ulipo.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni spektroskopi ya Raman, jina linatokana na mwanafizikia wa India C. V. Raman aliyepata Nobel mwaka 1930. Unapiga leza ndogo ya bluu kwenye kiganja, mwanga mwingi unarudi bluu vile vile ila kiasi kidogo sana kinarudi kimebadilika kuwa kijani, na ukubwa wa hicho kijani ndio unakuambia karotenoidi ni nyingi au chache. Wanafizikia wa Utah, Marekani, walianza nayo wakipima rangi ya njano iliyo nyuma ya jicho, baadaye wakaihamishia kwenye ngozi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakaipeleka kwa watoto wa chekechea wa Connecticut, wa miaka 3 mpaka 5, zaidi ya 300, wengi wa familia za kipato cha chini, wakaona watoto ambao wazazi walisema wanakula mboga na matunda zaidi kweli viganja vyao vilikuwa na alama za juu zaidi. Uhusiano haukuwa mkubwa wa kutisha, ila ulikuwepo, na waliupata bila sindano hata moja.

Njia ya pili ndio ile ya kwenye video, kifaa kinaitwa Veggie Meter, nacho kimetoka huko huko Utah. Hiki hakitumii leza, kinatumia taa nyeupe ya kawaida ya LED. Mtoto anaweka kidole kwenye kilensi kidogo, kuna kifuniko kinakibana kwa juu, taa inawaka, kifaa kinaangalia mwanga gani umerudi na upi umepotelea ndani. Bluu ikiwa imepotea sana, karotenoidi ni nyingi. Kule kubana sio kwa ajili ya kidole kisitikisike tu, ni kusukuma damu itoke hapo kwenye ncha, maana damu nayo inameza mwanga wa bluu, ukiiacha utapima damu ukidhani umepima papai. Ukitazama kidole kikitoka unakiona kimepauka sekunde moja mbili halafu rangi inarudi. Kipimo kimoja ni kama sekunde kumi, kawaida kinarudiwa mara tatu kinachukuliwa wastani, na kwenye kompyuta inatokea namba kati ya 0 na 800. Mtoto kashamaliza, anauliza kama anaweza kurudia tena.

Kwa hiyo ndio inapima mboga na matunda?

Hapana, na naomba hili ulisome mara mbili kwa sababu kila kosa ninaloona kwenye ripoti linaanzia hapa. Inapima karotenoidi. Mboga na matunda ni kitu kingine kinachofanana nacho kwa sehemu.

Angalia chakula chetu wenyewe. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mnafu, sukuma wiki, hizo zimejaa, usidanganywe na ukijani wake, rangi ya njano imo ndani imefunikwa. Karoti, boga, viazi lishe vya rangi ya chungwa, papai, embe lililoiva, hizo nazo. Nyanya na tikiti maji zina laikopini, ambayo nayo ni karotenoidi, na nyanya iliyopikwa na mafuta inaingia mwilini vizuri kuliko mbichi. Sasa njoo upande wa pili: kabichi jeupe, kitunguu, tango, bilinganya, ndizi mbivu, tufaha, nanasi, mafenesi, ubuyu. Mtoto anaweza kula kabichi na ndizi kila siku ya Mungu, mashine ikampa namba ya chini kama mtoto asiyegusa kitu. Shule nyingi mboga ya jikoni ni kabichi kwa sababu halinyauki haraka na ni bei rahisi, kwa hiyo hili sio jambo la pembeni, unaweza kuhukumu shule nzima kimakosa.

Na kinyume chake pia kipo. Mawese. Mafuta mekundu ya mawese yana beta-karotini, aina mojawapo ya karotenoidi, kwa wingi kuliko hata karoti yenyewe, kwa hiyo mtoto wa Kigoma au Bujumbura au upande wa Congo ambaye kila chakula chake kinapikwa na mawese atatoa namba nzuri hata kama mboga anaiona Jumapili kwa Jumapili. Kiini cha yai na mahindi ya njano navyo vinachangia kidogo. Mtu akichukua mashine akapima Kigoma na Dodoma halafu akaandika kwamba watoto wa Kigoma wanakula mboga zaidi, mwulize kwanza kama aliuliza habari za mafuta ya kupikia.

Mwanangu alipewa matone ya vitamini A kliniki, si yatapandisha namba?

Hayapandishi. Yale matone wanayopewa watoto wa miezi 6 mpaka 59 kila baada ya miezi sita ni vitamini A iliyokamilika, haina ile rangi, mashine haiioni. Hivyo hivyo na mafuta ya kupikia ya dukani yaliyoongezwa vitamini A kiwandani. Na ujue pia kwamba namba ya chini haimaanishi mtoto ana upungufu wa vitamini A, anaweza kuwa anaipata kwenye maini, maziwa au hayo matone.

Sisi ngozi zetu nyeusi, hiyo mashine ya Wazungu itasoma sawa?

Swali zuri na ulizaneni hivyo hivyo kwa kila mashine inayopima ngozi kwa mwanga. Melanini, yaani ile rangi inayofanya ngozi iwe nyeusi, nayo inameza mwanga wa bluu, kwa hiyo ungepimia mkononi juu au shavuni ingekuwa fujo. Ndio sababu wanapimia kiganja au ncha ya kidole upande wa ndani, mahali ambapo hata mtu mweusi tii pana rangi nyepesi, na pia ngozi ya nje hapo ni nene kwa hiyo kuna mahali pa kusoma. Kifaa kinafanya na hesabu ya kuondoa mchango wa melanini na wa damu.

Mimi msimamo wangu ni huu: kulinganisha mtoto na yeye mwenyewe, leo na baada ya miezi mitatu, nakubali bila wasiwasi, melanini ya ncha ya kidole haijabadilika. Kulinganisha watoto wa Tanga na watoto wa Connecticut kwa namba tupu, hapo nakaa kando.

Je hina, manjano, rangi za kuchorea?

Futa, osha, au badilisha kidole. Wiki baada ya Idi huku pwani nusu ya watoto wa kike wana hina kwenye ncha za vidole, na hina ni rangi, piko ndio kabisa. Tafuta kidole kisichopakwa au ahirisha. Manjano wengi hawaifikirii, mtoto kala pilau au mchuzi wa manjano kwa mkono saa saba mchana, ncha za vidole zimebaki na rangi, na manjano inameza mwanga wa bluu karibu na pale pale zinapomeza karotenoidi. Kwa hiyo pima asubuhi kabla ya chakula, mikono ioshwe kwa sabuni, ikauke, ifutwe kwa spiriti. Na kabla ya mtoto wa kwanza kifaa chenyewe kinawekewa kipande chake cheusi na cheupe ili kijue giza ni nini na mwanga kamili ni nini. Watu wanaruka hatua hii wakiwa na foleni ndefu ya watoto, mwisho wa siku namba zote zinakuwa za ajabu.

Taa au leza haina madhara kwa mtoto?

LED nyeupe ya kifaa cha kidole haina tofauti ya maana na tochi ya simu. Ya leza ina nguvu ndogo na inagusa kiganja tu, cha kuzingatia ni mtoto asiiangalie kwa macho, na huyo anayepima ndio kazi yake.

Mwanangu kapata 210. Ni nzuri au mbaya?

Hakuna mstari uliokubaliwa kwamba chini ya hapa ni vibaya na juu ya hapa ni vizuri. Ukikutana na chati yenye nyekundu, njano na kijani ujue kuna mtu kaamua tu mipaka yake. 210 peke yake haikuambii kitu mama, kaa nayo, upime tena baadaye, uone inaenda wapi.

Nina mapacha wanakula chungu kimoja, mmoja namba iko juu mwingine chini. Mashine mbovu?

Si lazima. Kwanza kula chungu kimoja sio kula sawa, kawachungulie wakila utaniambia. Lakini hata wakila sawa sawa, miili inatofautiana. Karotenoidi zinahitaji mafuta ili zinyonywe, mchicha uliochemshwa mkavu na mchicha ulioungwa na nazi ni vitu viwili tofauti kwa utumbo. Mtoto mwenye mafuta mengi mwilini huwa na namba ya chini kwa ulaji ule ule maana karotenoidi zinaenda kujificha kwenye mafuta. Homa, malaria, minyoo vinashusha. Anayeishi na mvutaji sigara ndani ya nyumba naye huwa chini. Na kuna tofauti za kuzaliwa tu, watu wengine wanazibadilisha haraka kuwa vitamini A, wengine polepole. Mapacha wasiofanana ni ndugu kama ndugu wengine kwenye hili.

Nikianza kumpa mboga leo, namba itapanda lini?

Wiki kadhaa. Ngozi haina haraka. Wizara ya kilimo ya Marekani ilifanya jaribio la wiki 28 kwa watu wazima huko North Dakota, wakawapa kwanza chakula chenye karotenoidi chache, halafu chakula cha mboga na matunda mengi, halafu wakawarudisha kwenye chache, na ngozi ilifuata kushuka na kupanda ila taratibu, nyuma ya damu. Kwa hiyo wale wanaotaka kupima Jumatatu na kurudi Ijumaa waonyeshe mafanikio, pumzikeni. Uzuri wa huko kwenda taratibu ni kwamba mzazi hawezi kudanganya kipimo kwa kumshindilia mtoto karoti jana yake usiku.

Tuna mradi wa bustani za shule, mfadhili anataka tuonyeshe watoto wanakula zaidi. Tutumie hii?

Tumieni, lakini msikilize mambo ambayo yataua ripoti yenu.

La kwanza ni msimu. Ukipima mwanzo mwezi wa nane kiangazi, ukarudi mwezi wa kwanza wakati maembe yanaoza chini ya miti, namba zitapanda kila mahali, hata shule ambayo haijawahi kuona jembe la mradi wenu. Hiyo ni kazi ya mwembe. Pimeni mwezi ule ule mwaka unaofuata, au muwe na shule za kulinganisha ambazo hazina bustani na mzipime wiki zile zile. Ikiwezekana fanyeni vyote.

La pili, mmepanda nini? Kama bustani ni kabichi na vitunguu, hata mkifanikiwa vipi kifaa hakitawaona. Mchicha, mnafu, majani ya kunde, karoti, viazi lishe ndio vitaonekana. Simaanishi mpande kwa ajili ya mashine, kabichi ni mboga halali kabisa, ila mkipanda kabichi basi tafuteni kipimo kingine.

La tatu, msiache kuuliza. Ile hojaji ya saa 24 yenye mapungufu yake yote bado inakuambia ni mboga gani, ililiwa wapi, na nani aliipika, mashine haikuambii hata kimoja. Moja inakosea kwa sababu watu wanasahau na kujipendekeza, nyingine inakosea kwa sababu ya miili na mawese, na kwa kuwa hazikosei kwa sababu zinazofanana, zikisema kitu kimoja unaweza kuamini.

Hatuna hela ya mashine, ni maelfu ya dola. Shuleni tufanyeje?

Angalieni sahani. Nasema kweli, kwa chakula cha shuleni hii naipenda kuliko mashine.

Inaenda hivi. Asubuhi kabla hakijapikwa, mpishi akishachambua mboga, zipime kwenye mzani, uandike. Tuseme mchicha uliochambuliwa ni kilo 6 na wanaokula ni watoto 120, basi kila mtoto kagawiwa gramu 50 za mchicha mbichi kwa wastani. Wakishakula usiwaache wamwage. Weka ndoo mbili, moja ya mabaki ya mboga na moja ya vingine, mwalimu wa zamu asimame hapo. Pima ndoo, ila kumbuka mboga iliyopikwa imenywea na ina mchuzi, kwa hiyo pima na mboga yote iliyotoka jikoni ikiwa imepikwa ili ujue mabaki ni sehemu gani ya hiyo. Yakiwa robo, basi kila mtoto kala kama gramu 37 au 38 hivi za mbichi. Umemaliza, na hujamgusa mtoto yeyote.

Ukitaka mtoto mmoja mmoja badala ya wastani, kadiria kwa macho: kaacha yote, robo tatu, nusu, robo, kamaliza. Watu wawili wakadirie bila kuangaliana, mkitofautiana sana mfanye mazoezi kwanza. Na simama mahali unapoona chini ya meza pia. Kuna mtoto anachambua majani ya mchicha kwenye maharage moja moja kwa kidole na kuyabandika ukingoni mwa sahani kwa nje, sahani ikija kwako ni nyeupe unaandika kamaliza. Wengine wanampa rafiki. Wengine wanapigana kugombea ya mwenzao, hao nao uwaandike.

Ugumu unakuja kwenye makande au githeri ambapo kila kitu kimepikwa pamoja, pale ndoo ya mabaki ya mboga haipo, unabaki na hesabu ya jikoni na kukadiria mabaki yote kwa ujumla. Na bila shaka hujui kitu kuhusu chakula cha nyumbani.

Kupiga picha kwa simu je?

Inafanya kazi vizuri pale kila mtoto ana sahani yake. Kituo cha utafiti cha Pennington kule Baton Rouge, Louisiana, Marekani, ndio walioipa umaarufu kwenye kantini: picha kabla, picha baada, baadaye mtu aliyefundishwa anakaa anakadiria akilinganisha na picha za vipimo vinavyojulikana. Faida yake ni kwamba foleni haisimami. Piga kutoka pembe ile ile, weka namba ya mtoto pembeni na usipige sura yake.

Programu za simu zinazotambua chakula zenyewe kwa picha, kwa chakula chetu bado sana. Kisamvu cha nazi kwenye picha ni uji wa kijani, ugali umekaa juu ya mboga, na kuna ile mboga ambayo mtoto kaifunika kwa tonge makusudi. Mwalimu anayemjua mtoto atakushinda hiyo programu.

Mkojo nao si hauhitaji sindano?

Ni kweli, potasiamu na baadhi ya kemikali za mimea zinaonekana kwenye mkojo. Ila zinaonyesha siku moja mbili tu zilizopita, na kwa potasiamu kukusanya mkojo wa saa 24 kwa mtoto wa darasa la pili ni mtihani ambao simwombei mtu. Maharage na maziwa navyo vina potasiamu nyingi. Kwa utafiti mdogo wenye maabara, sawa.

Mimi ni mzazi tu, nyumbani nifanye nini? Sitaki utafiti.

Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2023 lilitoa viwango vya watoto: miaka 2 mpaka 5 angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, miaka 6 mpaka 9 gramu 350, kuanzia 10 ni 400 kama watu wazima. Viazi na mihogo haihesabiwi humo.

Huna haja ya mzani. Mtenganishie sahani kwa wiki moja tu, hata kama kawaida mnakula kwenye sinia, upakue wewe mboga kwa kijiko kile kile, na ubandike karatasi kwenye friji au mlangoni, kila kijiko alichokula kweli mstari mmoja, kila tunda mstari. Tunda ni lile alilokula, sio ulilonunua. Mwachie mtoto achore mwenyewe, ila angalia, wakishajua kwamba mistari mingi inamfurahisha mama wanaanza kuchora ya hewa. Dada wa kazi mhusishe, mara nyingi yeye ndiye anayejua ukweli wa mchana.

Mtoto wangu hajafika miaka miwili.

Kwake swali ni jepesi: tangu jana asubuhi mpaka leo, ameonja mboga au tunda lolote, ndio au hapana? WHO na UNICEF wanatumia kipimo hicho hicho kwa watoto wa miezi 6 mpaka 23, wanahesabu wale ambao hawakula hata moja siku iliyopita. Mashine ya kidole kwa umri huo ni kusumbuana, kidole hakitulii na ni kidogo mno.

Viganja vya mwanangu vimekuwa vya njano, ni karotenoidi au manjano ya ini?

Angalia weupe wa macho. Ukiwa mweupe kabisa, mkojo wa kawaida, mtoto anacheza, na anakula boga, papai au karoti kila siku, kuna uwezekano mkubwa ni hizo karotenoidi, na zikipunguzwa rangi inaondoka yenyewe taratibu. Macho yakiwa na unjano, usisubiri, peleka hospitali leo.

Kuna mtu mtaani ana kamashine anapima bure halafu anauza vidonge vya kuongeza namba. Kweli vinaongeza?

Vinaongeza namba, ndio, kwa sababu vidonge vyenyewe ni karotenoidi, na kifaa kinasoma karotenoidi. Mboga mtoto hajala hata jani. Ukipewa namba ya bure ichukue, vidonge mwachie.

Mtoto akigoma kuweka kidole?

Muanze na mwalimu wao mbele yao, halafu yule mtoto mtundu kuliko wote, wengine watapanga foleni wenyewe. Wazazi wawe wamesaini ruhusa kabla, na mtoto mwenyewe aulizwe pia hata kama mzazi kasaini. Akikataa bado, mwache arudi darasani, andika hakupimwa, na usimjazie wastani wa wenzake.